Pole Si Samahani

Jumatatu, Machi 3

Mvua zimeanza leo na mimi nimeanza kazi leo. Sijui nani kamfuata mwenzake. Chumba nilichopewa kwenye zahanati ya shirika la reli kilikuwa stoo ya mablanketi. Kina dirisha moja linalotazama karakana ya mabehewa, meza, viti viwili na kabati lisilofungika. Viti nimevipanga kama nilivyofundishwa chuoni: vimeelekeana kidogo, visitazamane uso kwa uso, na saa ya ukutani nimeiweka mahali ninapoiona mimi bila mgonjwa kujua kwamba ninaiona. Mlangoni nimebandika karatasi: MSHAURI NASAHA. GONGA, SUBIRI. Hadi saa kumi hakugonga mtu, isipokuwa nesi aliyekuja kuulizia mablanketi.

Jioni mama mkwe, tunayeishi naye, aliniuliza kazi yenyewe hasa ni ipi. Nikamwambia ni kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Akafikiri kidogo. "Kusikiliza tu? Na mshahara wanatoa?" Nikasema wanatoa. Akasema basi yeye kaifanya kazi hiyo miaka arobaini bila ofisi.

Alhamisi, Machi 6

Nimepata mgonjwa. Ni dereva wa treni ya abiria, miaka hamsini na mmoja, ishirini na miwili kazini. Januari, saa nne asubuhi, mvua ikipiga, treni yake ilimgonga mzee mmoja aliyekuwa akivuka reli. Uchunguzi ulimsafisha: honi ilipigwa, breki zilifungwa, mwendo ulikuwa halali. Treni ile huhitaji zaidi ya nusu kilomita ili isimame, na mzee alionekana zikiwa zimebaki mita mia moja. Tangu siku hiyo dereva hajapanda kichwa cha treni. Shirika limempangia vikao kumi na viwili kwangu. Mwisho wa Mei nikimpa cheti, atarudi kazini. Nisipompa, atastaafishwa kwa maradhi.

Aliketi wima, kofia magotini. Nikamuuliza anajisikiaje. "Hatujambo, tunamshukuru Mungu." Nyumbani? "Salama." Usingizi je? "Si mbaya." Dakika hamsini zikaisha hivyo. Mkewe alimsubiri nje kwenye benchi muda wote huo, kisha wakaondoka wamebanana chini ya mwavuli mmoja.

Alhamisi, Machi 13

Hatujambo. Salama. Si mbaya.

Ijumaa, Machi 14

Kila baada ya wiki mbili humsomea maandishi yangu kwa simu msimamizi wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha chuoni. Ni mwanamke mwenye akili kali na roho safi. Kila ninachokijua kwenye kazi hii nimekipata kwake. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema: "Anajificha nyuma ya 'sisi'. Mrudishe kwenye 'mimi'." Nikayaandika maneno hayo kwa herufi kubwa juu ya ukurasa.

Alhamisi, Machi 20

Nimemrudisha kwenye mimi, hakurudi. Kila aliposema "tunaendelea vizuri," nilimuuliza, "Na wewe je?" Mwishowe akasema, "Mimi si ndiye huyu unayemwona?" Mvua ilipiga bati tukawa kama tuliokaa ndani ya ngoma. Kwenye faili nimeandika neno moja: mbishi.

Alhamisi, Machi 27

Leo ninaandika kwa aibu.

Msimamizi alikuwa amenipa wazo jingine: mzee yule wa relini huenda akawa amekaa moyoni mwa dereva mahali pa baba yake. Nikamuuliza habari za baba yake. Akanijibu bila kusita kwamba baba alifariki kwa ugonjwa, kwamba yeye mwenyewe alimuuguza miezi mitatu, akamwosha, akamzika. Hakuna alichobaki nacho moyoni. Nikaona anakwepa. Nikasogeza kiti, nikamwambia kwa sauti ile ya upole tuliyofundishwa: "Baba, humu ndani hakuna mke, hakuna watoto, hakuna shirika. Upo wewe peke yako."

Akanitazama muda mrefu. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyetamka tusi bila kujua maana yake.

"Mtu niliyemwona peke yake namna hiyo, binti yangu," akasema, "ni yule niliyemkuta kwenye reli."

Akavaa kofia, akaniaga kwa adabu zote, akatoka. Ilikuwa dakika ya kumi na saba. Kupitia mlango uliobaki wazi nikamwona mkewe akisimama upesi, akanitupia jicho moja tu. Nimekaa na jicho hilo hadi sasa.

Ijumaa, Machi 28

Msimamizi anasema huo ni ukinzani, jambo la kawaida. Nisimfuate, ningoje, kiti chake kibaki wazi. Nikakubali. Nilipokata simu nikajiuliza, kama mtu akikanyagwa mguu akauvuta, nao tuuite ukinzani?

Alhamisi, Aprili 3

Hakuja. Mvua kutwa. Uwanja wa karakana umekuwa bwawa.

Jumapili, Aprili 6

Chakula hakinipiti. Mama mkwe ameniangalia siku tatu, akafikia uamuzi wake: nina mimba. Amenikataza kuinua ndoo. Nimemwambia si hivyo, akatabasamu kama mtu anayetunziwa siri. Mume wangu anacheka hadi machozi, lakini ndoo sasa anainua yeye, kwa hiyo nimenyamaza.

Alhamisi, Aprili 10

Saa tatu kamili mlango uligongwa, akaingia mke wa dereva, peke yake, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Hakuketi kwenye kiti cha mumewe. Alisimama pembeni yake, akaweka mkono juu ya egemeo kama vile mwenyewe yumo.

Nikamweleza, kama sheria inavyotaka, kwamba siwezi kuzungumza naye habari za mgonjwa wangu. Akasema hakuja kuniuliza kitu, amekuja kunieleza, na sheria ya kunikataza kusikia hajaisikia bado. Nikafunga kinywa.

Kwa dakika arobaini nilifanya ile kazi ninayolipwa kuifanya. Alisema mumewe huwaficha watoto, lakini watoto wanajua. Binti mkubwa amehama chumba kilicho karibu na cha wazazi kwa sababu ya kelele anazopiga baba usingizini. Mdogo kaacha kupita kivukoni, huzunguka daraja la mbali kwenda shule. Yeye mwenyewe husikia treni ikipita akashika chochote kilicho karibu. "Kwenye fomu yenu mmeandika mgonjwa mmoja," akasema. "Nyumbani tunaoumwa ni wanne. Yeye anapokujibu hatujambo, anakujibu kwa niaba ya wote. Wewe ukamwambia wenzake hawapo."

Nikamwomba samahani. Nilimwomba kama mtu, si kama mtaalamu, na nikaona mabega yake yakishuka.

Halafu akanieleza jambo ambalo dereva asingelitamka kamwe. Kila asubuhi hununua gazeti, akafungua moja kwa moja ukurasa wa matangazo ya vifo, akasoma yote kwa kidole. Magazeti ya Januari kayaweka chini ya godoro. Kisha hutoka kutembea. Siku moja mkewe akamfuata kwa mbali. Dereva alikwenda hadi mtaa ulio karibu na kivuko, akapita nyumba baada ya nyumba, polepole, akitazama milango. Hakugonga hata mmoja. Akarudi nyumbani, akasema alikwenda kunyoosha miguu.

Nimemwambia wiki ijayo waje wote wawili. Akauliza, "Ndani?" Nikasema ndani.

Ijumaa, Aprili 11

Msimamizi hakufurahi. Mke ni mgonjwa mwingine, akasema, mtafutie mshauri wake. Nikamwambia mshauri aliye karibu yuko mwendo wa saa nne, na hata angekuwa mlango wa pili nisingewatenganisha. Ni mara ya kwanza kumjibu hivyo. Nilipoweka simu moyo ulikuwa mweupe.

Alhamisi, Aprili 17

Nimeazima kiti cha tatu kwa nesi. Nilianza mimi. Nikamwambia dereva kwamba mara iliyopita nilimvunjia heshima, nami sikujua. Akainua mkono kidogo kama anayefukuza nzi: yamekwisha. Halafu nikawaacha wazungumze, wao kwa wao, nami nikawa kando.

Mkewe akataja magazeti. Dereva akageuza kofia magotini, akaigeuza tena. Maneno yakatoka kama mtu anayesukuma behewa peke yake: likigoma, likigoma, halafu likateleza.

Siku ile aliona mwavuli tu. Mwavuli mweusi ulioinamishwa upande wa mvua, na miguu miwili chini yake. Uso hakuuona. Polisi walimweka kando mara moja, akarudishwa mjini kwa gari, na kwenye ripoti aliyopewa kusaini mzee ameandikwa "marehemu".

"Baba yangu nilimzika mwenyewe, nilimjua," akasema. "Huyu ninaishi naye nyumba moja, anakula nasi, analala nasi, na sijui alikuwa nani. Mtu gani huyo anakaa na mgeni miezi mitatu bila kumjua?"

Mkewe akamshika kiwiko. Sikuitazama saa hata mara moja.

Alhamisi, Aprili 24

Nikawauliza: kama mgeni ni huyo, basi tufanye nini? Wametazamana. Jibu walikuwa nalo siku nyingi, walingoja kuulizwa. Wanataka kwenda kwa watu wa yule mzee, wakawape pole.

Basi. Tangu Januari hawakutaka zaidi ya hilo. Shirika liliwakataza kwa barua.

Ijumaa, Aprili 25

Nusu saa ya simu. Msimamizi anaogopa, na sababu zake si za kipuuzi. Familia inaweza kumfukuza au kumtukana, na jeraha likawa mawili. Kubwa zaidi, aliniuliza: "Unamtibu mtu, au unapatanisha kesi? Hatia yake iko ndani yake. Ukimpeleka nje akaitue kwa watu, hatajifunza kuibeba."

Nimeifikiria sentensi hiyo tangu mchana. Kitabu changu kinaichukua hatia kama maji ndani ya mtungi: imo ndani ya mtu mmoja, na kazi yangu ni kumsaidia autazame mtungi wake. Lakini dereva hajasema popote kwamba ana hatia. Anajua breki alifunga. Nilikuwa ninamtibu maradhi ambayo hakuja nayo.

Anataka kusema pole. Nami nimekua nikilisema neno hili tangu nilipojua kusema, bila kulipima. Ukijikwaa mbele yangu nitakwambia pole, na jiwe sikuliweka mimi. Ukitoka kazini nitakwambia pole, na kazi sikukupa mimi. Samahani ni ya mkosaji. Pole ni ya yeyote aliyekuona ukiumia. Yule bwana alimwona mtu akiumia kuliko alivyopata kumwona mtu yeyote, naye ndiye peke yake katika mji huu aliyezuiwa kusema pole. Kwa nini asiugue?

Jumanne, Aprili 29

Nilikwenda kwa mganga mkuu wa zahanati, mtu wa maneno machache, nikamweleza kama nilivyoandika hapo juu. Alisikiliza huku akisaini karatasi. Nilipomaliza akampigia simu mwanasheria wa shirika, nikasikia upande mmoja tu: "Ndiyo... Hapana, haombi msamaha... Anatoa pole... Bwana mkubwa, wewe ulipofiwa na mama yako mimi nilikuja kukupa pole. Ulidhani mimi ndiye niliyemuua?"

Kisha ruhusa, kwa masharti: familia ikubali kwanza, pasiwe na picha, na yatakayosemwa yasiandikwe. Sharti la mwisho shajara hii italivunja peke yake.

Jumanne, Mei 6

Nimekwenda mwenyewe kuomba. Nyumba iko mtaa wa nne kutoka kivukoni, chini kuna duka dogo lililofungwa. Marehemu alikuwa fundi saa. Amemwacha mjane, mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye kusema taratibu. Nilijieleza mimi ni nani na nimetumwa na nani, nikamwambia ana haki ya kukataa na hatasumbuliwa tena.

Akauliza swali moja. "Kuja ni kwa kutaka kwake, au mmempangia?"

"Ni kwa kutaka kwake, mama. Sisi ndio tuliomchelewesha."

"Jumamosi," akasema, "baada ya saa nne."

Alhamisi, Mei 8

Kikao cha kujiandaa. Dereva anataka kujua avae nini. Mkewe keshaamua.

Jumamosi, Mei 10

Nimerudi saa nane mchana, nimekaa kitandani na viatu vyangu vya tope. Niandike kabla hayajapoa.

Tulikwenda watatu. Mvua ilikuwa nyembamba. Kwenye kivuko dereva alisimama, akatazama kushoto na kulia mara mbili, akavuka akiwa amemshika mkewe mkono. Mjane alikuwa sebuleni pamoja na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mfupi aliyekunja mikono kifuani. Yeye hakutupa mkono. Tukaketi. Ukutani palikuwa na saa sita au saba, zote zikienda, hakuna mbili zilizokubaliana.

Shemeji akaanza kwa ukali. Akasema shirika lilileta barua yenye muhuri, hakuna mtu aliyeleta miguu yake. Miezi minne. Dereva akainamisha kichwa, akamwacha amalize. Halafu akasimama, kofia mkononi, akamgeukia mjane.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Poleni sana. Pole wewe, pole ndugu, poleni nyote wa nyumba hii. Sikuja mapema. Ningekuja siku ileile."

Mkewe akamalizia: "Tumekuja kumjua, mama. Tunaishi naye na hatumjui."

Nilijiandaa kwa mengi: kilio, laana, mlango. Mafunzo yangu yote niliyashika mkononi kama mwavuli. Mjane hakulia. Alimwonyesha dereva kiti kilicho karibu naye, akangoja hadi aketi, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona. Nimekungoja. Nina swali, na mwingine wa kumuuliza sina. Alikuwa anakwenda upande gani?"

Dereva hakuelewa. Mimi pia.

Akatueleza. Asubuhi ile walikuwa wamegombana, yeye na mumewe, juu ya jambo dogo ambalo hata hakulitaja. Mzee alichukua mwavuli akatoka, akasema haoni sababu ya kurudi. Baada ya saa mbili wakaja kumwita. Mtaani watu wakanong'ona kwamba fundi alijitupa mwenyewe relini, kwa maana honi ilisikika mtaa mzima, vipi yeye asiisikie? Shemeji yake alikuwa miongoni mwa walioamini. Miezi minne mama huyu amekaa chini ya saa zile akiamini kwamba maneno yake ndiyo yaliyomuua mumewe.

Dereva alifumba macho. Nilimwona akirudi pale, kwenye kiti chake, mvua kiooni. Nilitaka kumzuia, kitabu kilinifundisha kwamba mtu asirudishwe huko ghafla. Mkewe akanitazama, nikatulia.

"Alitoka upande wa sokoni," akasema polepole. "Mkono wangu wa kulia. Alikuwa anatembea, mama. Hakusimama, hakukimbia. Hatua za mtu aliyechoka. Mwavuli aliuinamisha hivi, upepo ulikuwa unatoka upande wangu. Nilipiga honi, sikuiachia. Hakugeuka hata kidogo. Mtu anayejitupa huiangalia treni. Yeye hakujua kama nipo."

"Sikio la kushoto lilikuwa halisikii," mjane akasema. "Miaka mingi." Kisha akauliza tena, kama mtu anayehakikisha fundo: "Kutoka upande wa sokoni. Kuja upande huu."

"Kuja upande huu."

"Basi alikuwa anarudi nyumbani," akasema.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, akashika mkono wa dereva, na dereva akalia naye, mtu niliyemwandika mbishi. Shemeji alikunjua mikono, akatoka nje, akasimama mvuani. Aliporudi akampa kila mmoja wetu mkono, akianza na dereva, na dereva hakuuachia upesi.

Kisha mjane akatufungulia duka chini. Akamwonyesha dereva meza ya mzee, miwani yake ya jicho moja, kibanio alichokishika kwa mkono wa kushoto kwa kuwa alikuwa mashoto. Akamsimulia alivyokuwa mbahili wa maneno na hodari wa kuchekesha watoto, na kwamba saa za nyumbani kwake mwenyewe hakuwahi kuzipatanisha. Tulikaa hadi saa saba na nusu. Mimi sikusema chochote cha maana, na sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ya leo.

Alhamisi, Mei 15

Amelala usiku wa siku tatu kati ya tano. Mkewe ndiye aliyehesabu. Mtoto wao mdogo amepita kivukoni.

Alhamisi, Mei 22

Wamekuja na binti mkubwa. Kiti cha nne nimekitoa kwa mganga mkuu, hakuuliza kitu.

Ijumaa, Mei 23

Nilimsomea msimamizi yote, neno kwa neno. Kisha akasema alikosea juu ya mambo mawili, akayataja yote mawili kwa jina. Ndiyo maana ninampenda. Anataka nikazungumze na wanafunzi wake mwezi ujao. Kichwa cha mada ameshafikiria: tiba ya kienyeji na nafasi yake.

Nikamwambia sitakuja kwa kichwa hicho. Sikufanya lolote la kienyeji. Nilimsikiliza mtu kama alivyosema, badala ya kama kitabu kilivyotaka aseme. Kitabu nacho kina kwao: kiliandikwa na watu wa mahali fulani, kuhusu jirani zao, waliozoea kuumwa mmoja mmoja. Mengi mle ni kweli, nitaendelea kukitumia kesho. Lakini kama changu ni cha kienyeji, na chao pia ni cha kienyeji, basi tuviweke meza moja.

"Wewe umeota pembe," akasema. Nikasikia anatabasamu. Nije na kichwa changu mwenyewe, yeye ataketi nyuma na wanafunzi.

Alhamisi, Mei 29

Mvua zimekatika tangu Jumatatu. Kikao cha kumi na mbili. Kwenye fomu, mahali palipoandikwa idadi ya wagonjwa, nimeandika wanne. Karani akitaka maelezo aje nimpe. Cheti nimekisaini.

Juzi dereva alifanya safari ya majaribio, dereva mkufunzi ameketi kando yake. Sikumuuliza alijisikiaje, alinieleza mwenyewe. Mita mia nane kabla ya kivuko alipiga honi, akaishikilia. Palikuwa na watu upande wa sokoni, wamesimama, wanangoja apite. Alipita. Mikono ikaanza kumtetemeka, yote miwili, mkufunzi akamuuliza kama achukue yeye. Akasema hapana, akamwambia, "Hapa alifariki fundi saa mmoja. Alikuwa anarudi kwake."

Mkufunzi akavua kofia. Mikono iliendelea kutetemeka hadi kituo kilichofuata, kisha ikatulia yenyewe, akapakia abiria, akaondoka kwa wakati.